Akala za Jenerali

Sasa Dharura, ile hali ya hatari ya Waingereza, imeisha, wacha nijicheke mwenyewe kabla majirani hawajanimaliza. Shule nilikaa miaka miwili tu, lakini mjukuu wangu Wanja alikuwa wa kwanza darasani hapa Kibugu, na hiyo akili alitoa kwangu.

Siku moja akaniambia, "Cucu, mwalimu ametufundisha habari za jenerali anayepigana na Waingereza. Watu wake wako msituni kwenye theluji, wana njaa, hata viatu hawana."

Nikaangalia kilele cheupe cha Mlima Kenya. Jenerali mwingine yuko wapi, kama si wa vijana wetu waliojificha huko wakipigana na Waingereza? Nikajua mwalimu ana njia ya kuwafikia vijana wetu. Kuwasaidia watu wa msituni kulikuwa kifungo au kitanzi, lakini mimi siyo wa kutetemeka. Marehemu mzee wangu alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi. Nikachukua jozi sita alizoacha, nikazifunika na viazi kikapuni, nikaenda shuleni.

"Mwalimu, hizi ni za jenerali," nikasema kwa sauti yangu hii isiyojua kunong'ona.

Mwalimu akafungua kitabu haraka, akanionyesha Mzungu wa nywele nyeupe juu ya farasi. "Cucu, jenerali ni huyu. Ni wa Amerika. Alikufa zamani sana!"

Darasa likaangua kicheko. Wanja akajifunika uso. Hapo homugadi, askari wa serikali aliyesikia sauti yangu akipita nje, akaingia, akamwaga kikapu changu chini.

"Wewe mama! Hizi akala ni za jenerali gani?"

"Wa Amerika," nikamwambia. "Kwani hukumsikia mwalimu?"