Nyumbu wa Mwezi wa Sita

Daktari wa hospitali ya misheni alinitoa nje, mke wangu akabaki kwenye benchi na kadi yake mkononi. Akaniambia kwamba macho yale yana presha, kwamba mwanga utaendelea kubanwa kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kupotea. Kisha akasema, "Kama kuna kitu anatamani kukiona, akione mapema."

Niliporudi kwenye benchi mke wangu aliniuliza, "Baba, amesemaje?"

"Amesema tuwe na subira," nilimjibu.

Ilikuwa miaka ya sabini, na mimi nilikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Ushirombo. Kuhimiza watu subira ndiyo ilikuwa kazi yangu kila Jumapili, na neno lile lilinitoka mdomoni bila taabu yoyote. Nilijiambia kwamba namwepusha na huzuni.

Kitu alichotamani kukiona nilikijua tangu nilipomwoa. Yeye alizaliwa mbali na kwetu, upande wa Maswa, na baba yake alikuwa mwindaji aliyeingia nyika ya Serengeti kwa miguu kabla ya kuwekwa mageti na askari. Mzee huyo alimsimulia binti yake habari za nyumbu: wanavyopita siku nzima bila kwisha, na ardhi inavyotetemeka mpaka maji yaliyo kwenye kibuyu yanacheza. Alimwahidi kwamba akikua atampeleka, lakini akafa kabla. Mke wangu akaolewa huku kwetu, ambako mnyama mkubwa kuliko wote ni ng'ombe wa jirani.

Basi nilipomsikia Padre wa misheni akisema kwamba mwezi wa sita atawapeleka walimu Serengeti, kuwashukuru kwa kuchoma matofali ya kanisa, nilimwendea nikaomba nafasi mbili. Alikubali. Tungepanda lori la misheni hadi Geita, tuvuke kwa kivuko cha Busisi, tulale Mwanza kwa masista, asubuhi tupite Magu mpaka kwenye geti la Ndabaka. Mwezi ule, walimu walisema, nyumbu huwa wako upande huo huo wa magharibi, karibu na barabara.

Sijawahi kumwona mke wangu akifurahi vile. Aliazima atlasi ya shule, akaiweka karibu sana na uso, akafuata barabara kwa kidole. Alikausha michembe ya viazi ya kutosha lori zima. Alikaanga karanga, akazificha juu ya kichanja ili watoto wasizimalize. Akaweka punje za choroko kwenye kibuyu, kila siku anatoa moja.

Zilipobaki punje mbili, jirani yetu alifariki.

Alikuwa mzee aliyeletwa kijijini wakati mmoja na sisi, watu walipohamishwa kutoka mashambani kwao na kupangwa kwenye mistari. Tulikuwa hatujafahamiana sana, lakini nyumba yake ilifuatana na yetu, na msiba wa mlango wa pili ni msiba wako. Sheria ya wazee ilikuwa wazi: mpaka matanga yaondolewe, jembe halishiki udongo na mtu hatoki kijijini. Anayetoka anatengwa. Hapewi moto, hasalimiwi, na siku yake ikifika hakuna wa kumchimbia kaburi.

Mjane mwenyewe alitushangaza. Alimshika mke wangu mkono na kumwambia, "Mayu, mama yangu, nenda. Huyu amekwisha kufa, hatakimbia. Nimekuona unavyohesabu choroko zako."

Mzee mmoja wa baraza alikuwa amekaa karibu na ukuta. Akacheka. "Ndiyo, nendeni mkawaone nyumbu, katekista. Siku mkifa, nyumbu watakuja kuwachimbia."

Watu wakacheka naye, hata waliokuwa wakilia. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nimeshikwa. Nilikuwa nimewafundisha watu hao hao kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Nani angesali kaburini? Padre alikuwa na safari. Na nikimruhusu mke wangu aende peke yake, nani angechota maji ya msiba katika nyumba iliyofuatana na yetu?

Lori lilikuja asubuhi ya mazishi. Walimu walikuwa juu, wanaimba. Padre aliteremka akatoa pole, akauliza kama tuko tayari. Nilimjibu bila kugeuka nyuma: "Padre, sisi tutakwenda mwakani, Mungu akipenda."

Mke wangu alikuwa hatua chache kutoka pale, ana ndoo kichwani. Alisikia. Alikwenda kumimina maji kwenye mtungi wa wafiwa, akarudi kisimani. Kama angalijua alichoniambia daktari, labda angaliitua ndoo ile na kupanda lori, wazee waseme watakavyo. Sikumpa nafasi ya kuchagua. Nilikuwa najua peke yangu, nikachagua peke yangu, na nikauita uchaguzi ule utii.

Michembe ililiwa msibani.

Walimu waliporudi, mke wangu alimwendea mmoja wao, akamwomba amsimulie. Yule kijana alifikiri kidogo. "Ni wengi tu, mama. Kama ng'ombe, lakini wabaya."

Mwaka uliofuata Padre alihamishwa, na lori likakaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Baadaye vikaja vita, na baada ya vita petroli ikawa ya kibali. Nilizidi kusema mwakani. Mke wangu alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Kisha akawa anatambua watu kwa kukohoa kwao. Siku alipomimina uji pembeni ya bakuli, ukamwagika wote chini, nilimwambia ukweli wa ile siku ya benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ulizika mtu," alisema. "Si kosa." Tangu hapo hakutaja tena nyumbu.

Namshukuru Mungu kwa mengi: watoto, mvua, miaka aliyotupa pamoja. Kwa jambo hili nimeomba, lakini sijapewa la kusema.

Binti yetu alipoolewa Mwanza alikuja na gari la mumewe, akasema, "Mama, twende Serengeti, ni karibu siku hizi." Mama yake alikuwa anamenya karanga. Akamwambia, "Nikasikilize kwato? Nendeni ninyi." Hakuna aliyekwenda.

Gari lilipoondoka tulibaki wawili barazani. Akaniuliza, mikono ikiendelea na karanga, "Baba, hivi nyumbu ni wa rangi gani?"

Sikuwa najua. Maisha yangu yote sijawaona. Nikamwambia, "Weusi."

Akamenya karanga mbili tatu.

"Baba yangu alisema ni rangi ya majivu," akasema.