Kamongo wa Shangazi Debora

Tope la ziwa likikauka juani lina harufu yake, nzito, kama ya chungu cha samaki kilichosahauliwa jikoni. Juzi niliisikia nikipita Murangi, nikasimama njiani bila kujua kwa nini. Ilinirudisha kwenye mwaka wa ukame, enzi za maduka matupu, tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai na kula ugali wa unga wa njano uliokuja kwa msaada.

Mwaka huo Shangazi Debora, dada yake baba, alirudi nyumbani kutoka Buswahili alikokuwa ameolewa. Surua ilikuwa imemchukua mwanawe wa pekee. Alikuja na furushi moja, akalala chumbani kwa bibi, na hakuzungumza. Si kwamba alinuna. Ukimsalimia aliitika, ukimpa jembe alilima, lakini neno la kwake mwenyewe halikumtoka. Bibi alituonya, "Mwacheni. Msiba unakuwaga na muda wake." Mimi nilizoea shangazi wa kututania na kutuchekesha, kwa hiyo huyu nilimwogopa kidogo.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na dimbwi. Ziwa likijaa liliingia humo, likirudi liliacha samaki. Lakini mwaka ule dimbwi lilikauka mpaka chini, likapasukapasuka kama ukoko wa ugali, na ndege wakamaliza furu, wale samaki wadogo, wote. Mama alisema hamna kitu tena kule. Asubuhi moja shangazi alibeba jembe, akaniashiria nimfuate na karai.

Alitembea polepole juu ya tope kavu, ameinama, hadi akaona tundu la kutosha kidole gumba. Akachimba pembeni yake kwa uangalifu, akatoa bonge la udongo, akalipasua kwa mikono. Ndani, kwenye ganda jembamba kama karatasi ya kahawia, kamongo alikuwa amejikunja, mkia umefunika macho. Nilimgusa. Hakutikisika.

"Amekufa, shangazi."

"Hajafa," alisema. "Anangoja maji."

Nilishtuka zaidi kwa sauti yake kuliko kwa samaki. Tukirudi akanieleza, taratibu, kwamba furu maji yakiisha naye anaisha, lakini kamongo anavuta hewa kama sisi. Anajichimbia chini, anajifunga kwa ute wake mwenyewe, ananyamaza mpaka mvua zirudi.

Nyumbani alimweka kwenye karai na kumwagia maji ya ziwani. Mama akaja na kisu.

"Wifi, watoto hawajaonja kitoweo tangu Jumapili."

"Najua, wifi. Ila usimkate akiwa hivi. Ngoja kwanza aamke."

Mama alimtazama bibi. Bibi akamchukulia kile kisu, akakichomeka kwenye nyasi za paa la jiko, na sote tukakaa. Kivuli cha nyumba kilituhama, tukasogea nacho. Ganda lililainika, likamenyuka. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia niliposikia wameacha kuongea. Mapezi ya kamongo, yale membamba kama nyuzi, yalikuwa yanatetemeka. Akajinyoosha kidogo kidogo, akainua pua juu ya maji na kuvuta pumzi kwa sauti, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga. Kisha akalia, kilio cha kutoka tumboni, akiita jina la mwanawe, Yohana, Yohana, huku bibi amemkumbatia. Mama aliniambia baadaye kwamba hata makaburini hakuwa ametoa chozi.

Alipotulia alijifuta uso, akasema, "Sasa mpikeni."

Nilimsihi tumrudishe ziwani. Akaniuliza, bila ukali, "Na wadogo zako wale nini?" Nilimla nikilia, na alikuwa mtamu.

Biashara zilipofunguliwa, shangazi alikwenda kuuza mitumba Kiabakari, akawa mcheshi tena, wateja wakimfuata kwa maneno yake. Mimi nilikua na kinyongo kidogo. Niliona ni ukatili kumwamsha kiumbe ili umchinje. Mpaka nilipomzika mume wangu, nikakaa kutwa na kucha nikiitikia salamu tu, ndipo nilipomwelewa. Siku ile hakuwa na nia ya kumwokoa kamongo. Alitaka kuona kama aliyefika hali ya kama kufa anaweza kuvuta pumzi tena. Alipoona, akakumbuka kwamba kuna watoto hawajala.