Kopo la Sita

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nikinunua maziwa nasoma tarehe mara mbili, na nikisalimiwa kwenye lifti na nisiyemjua najiuliza anataka nini. Kwa hiyo baba alipoanza kubadilisha mwisho wa filamu yake, mimi ndiye niliyeshtuka wa kwanza.

Filamu yenyewe ni ya zamani, ya Hollywood, ya mpanda farasi na mjane mwenye shamba. Ilipoletwa Tanga kwa mara ya kwanza, kabla kidogo ya uhuru, baba alikuwa na miaka ishirini na moja, na usiku ule wa uzinduzi alikuwepo. Hayo tumeyasikia tangu utotoni: akina mama wa Kihindi na sari zao, mkuu wa wilaya Mzungu juu kwenye roshani pamoja na mkewe, marashi mpaka barabarani. Tatizo ni mwisho wake. Mara mpanda farasi anamwoa mjane, mara anapigwa risasi darajani, na Idi iliyopita aliwaambia wajukuu kwamba jamaa alipanda treni akaenda zake. Wajukuu wakacheka, "Cool, Babu." Mimi sikucheka.

Kazi yangu ni kutunza wazee, katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, mtaa wa Weston, na nimeona jinsi usahaulifu unavyoingia taratibu. Baba anaishi nami Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na nne, na mchana kutwa yuko peke yake na jiko. Mdogo wangu akanipigia simu.

"Dada, jaza hiyo form, please. Waiting list ni ndefu. Siku akiacha jiko linawaka utajilaumu."

Nikaichukua fomu ya kumwombea nafasi kwenye nyumba ya wazee, nikakaa nayo wiki nzima kwenye mkoba. Ndipo nikaona tangazo: ukumbi mmoja wa sinema mjini utaionyesha filamu ile ile, mchana, kwa mkanda halisi, kama siku ya uzinduzi. Nikaomba ruhusa kazini. Njia ya mwongo fupi, nikajisemea, na kama si mwongo basi ni mgonjwa. Ameuona mwisho ule kwa macho yake, tuone kama atautambua. Asubuhi ya siku hiyo, nikiwa nasubiri avae, niliijaza fomu na kutia sahihi kabisa. Nilijiambia ni tahadhari tu.

Mlangoni walikuwa wametandika zulia jekundu, limeshachafuka kwa theluji na chumvi ya barabarani. Baba alilivuka kwa hatua ndefu, akakataa kulikanyaga. Nikaliweka akilini hilo pia.

Filamu ikaanza. Sikuitazama, nilimtazama yeye. Baada ya kama dakika ishirini akagonga goti lake kwa vidole viwili. Dakika ishirini nyingine, akagonga tena. Pale kazini yupo bibi anayegonga meza hivyo hivyo kutwa, na hamjui hata mwanawe. Alipogonga mara ya tano, mjane amesimama kizingitini na bunduki, ukumbi mzima umenyamaza, baba akainuka, akachukua koti, akatoka.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje, ameshafunga vifungo vyote, anaitazama barabara.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Sendi popote. Miguu imejiinukia yenyewe." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Hukuiona ile alama? Kiduara, juu kulia. Kikitokea, kopo limekwisha, linaingia lingine."

Nikamwambia sielewi. Akaniketisha, akaeleza. Tanga siku zile sinema mbili zilikodi mkanda mmoja. Mkanda ulikuja katika makopo sita ya bati. Sinema ya kwanza ikimaliza kopo, mtu analipakia kwenye baiskeli, analikimbiza kwenye sinema ya pili, iliyoanza nusu saa baadaye, kisha anarudi kuchukua jingine. Mtu huyo alikuwa baba, na zulia jekundu la wageni hakuruhusiwa kulikanyaga.

"Kopo la sita likianza sinema ya kwanza, mimi nipo njiani na la tano; likianza ya pili, nipo njiani narudisha la kwanza, maana kule ya kwanza watu wa onyesho la pili wameshakaa."

"Na mwisho wa onyesho la pili je?" Kushuku ni kushuku.

"Wakati huo nafunga yale matano sandukuni. Treni ya Moshi haikumsubiri mtu aone harusi. Filamu ilikaa kwetu usiku ule mmoja tu."

"Kwa hiyo hukuuona mwisho."

"Kamwe. Na mtaa mzima ulijua nilikuwepo! Ningesemaje? Nikawa nampa kila mtu wake. Mama yako alipenda harusi, nikampa harusi. Wewe tangu mdogo humwamini mtu, nikakupa wa risasi."

Nikaona haya. Nikamshika mkono tukarudi, tukasimama nyuma karibu na mlango. Mjane akashusha bunduki, mpanda farasi akashuka kwenye farasi, wakaingia ndani wakanywa kahawa. Taa zikawaka.

"Ndiyo hivyo tu?" akasema baba, na sauti yake ilikuwa na hasira kweli. "Miaka yote hii! Miisho yangu ilikuwa mizuri kuliko huu."

Tulikuwa tumeketi kwenye basi la Don Mills aliposema, bila kunigeukia, "Mwanangu, mtu hapelekwi sinema na bintiye siku ya kazi bure bure. Ile karatasi ya mkobani umeshatia sahihi?"

"Bado, baba."

"Basi nipe niishike mimi."

Nikaitoa. Ningefanya nini? Akavaa miwani, akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka chini kabisa ya ule wa mwisho, kidole kikasimama kwenye jina langu. Akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa koti.

"Leo nimeona miisho miwili," akasema.

Hajanirudishia mpaka leo, nami sijachukua nyingine.