Hodi ya Tatu

Kwetu pwani hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unaondoka bila kinyongo. Mwenye nyumba ameshajibu.

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Moa, amechoka kuhamahama nami. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sikutulia. Nilitaka kuijua kila mashine. Nilianza na korona, ile ya kuchana mkonge, nikasimama pale inapotafuna majani. Kisha msumeno wa mbao, Muheza. Vizibo vya masikio vilikaa mfukoni, maana nilipenda kusikia injini ikibadilisha sauti. Jioni, masikio yakivuma, niliyajaza muziki wa simu.

Mchana mmoja nilikuwa chumbani nashona kiatu, mgongo mlangoni, pazia limeshushwa. Nilipotoka, mama mwenye nyumba alinikazia macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, roho ya jiwe! Mkeo kasimama hapo na begi lake. Hodi, hodi, hodi. Wewe kimya!"

"Mke wangu? Hapa?"

"Nimemwambia yumo ndani, ingia. Kasema, kama yumo, basi keshanijibu."

Angeweza kuingia tu, lakini aliyeondoka kwa hasira hurudi kama mgeni. Nilikimbia hadi stendi. Gari lilikuwa limeshaondoka.

Hodi tatu mlangoni, nami sikusikia hata moja: nikaenda zahanati. Mganga aliniuliza: ulisimama karibu na mashine kwa muda gani? Ulivaa kinga? Masikio uliyapumzisha lini? Uliwahi kuugua sikio utotoni, ukatibiwa? Kila swali lilinikuta na kosa. Akasema sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na hazirudi.

Sauti ya mke wangu ni nyembamba. Alikuwa akiimba akichambua mchele, nami nikimwambia apunguze, nasikiliza redio. Ningempa redio zote nilizowahi kuwa nazo aimbe tena, hata wimbo mmoja.

Nilipompigia simu, maneno yake yalinifikia kama mvumo. Nilishika jambo moja tu: "Hukusikia, au hukutaka?" Nikapanda gari, kisha bodaboda, hadi Moa.

Nje ya nyumba ya wazazi wake niliita hodi. Nikaita ya pili. Ya tatu niliipaza mpaka jirani akachungulia. Kama iliitikiwa "karibu", mimi sikuipata. Desturi ilinitaka nigeuke. Nikabaki palepale, macho kwenye pazia la mlango, nikingoja litikisike.