Kado, Ndimu na Kemia ya Wasichana

Enzi zetu pale karibu na soko la Otonglo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, shule yetu ya wasichana haikuwa na maabara, na hatukumwomba mtu radhi. Kemia tuliisomea nyuma ya jiko la shule, pua zimejaa moshi na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Madam Akoth, mwalimu wetu, alituchumisha maua mekundu ya haibiskasi, tukayaponda na kuyachemsha mpaka maji yakawa zambarau. Hicho ndicho kilikuwa kiashiria chetu. Ukitia ndimu, ambayo ni asidi, yanakuwa mekundu. Ukitia kado, yale maji ya majivu ambayo mama zetu hulainishia mboga, yanageuka kijani. Ukivipatanisha viwili hivyo sawasawa, zambarau inarudi. Vijana wa leo hata kado wanaiuliza kwenye simu.

Basi akaja mkaguzi kutoka mjini, tai imembana shingo. Alikuwa ameshaamua kutufutia kemia tubaki na upishi. Madam akaniita nimwonyeshe tunachojua. Nilikuwa na hasira, nikaimimina kado kwenye maji ya maua yaliyokwisha kuwa mekundu kwa ndimu, kama ninavyomimina kwenye sufuria ya apoth, yaani mlenda, bila kupima. Rangi haikusimama kwenye zambarau, ilipitiliza moja kwa moja hadi kijani.

Mkaguzi akafunga faili. "Si mnaona? Hii ni jiko tu. Hawa wasichana wachukue upishi."

Alipogeuka kuondoka nikamsimamia njiani. "Mzee, ngoja kwanza. Mimi sijamaliza."

Nikaanza kurudisha ndimu, tone baada ya tone. Kijani kikafifia, zambarau ikaja ikatulia. Akataka nirudie kuanzia mwanzo. Nikarudia, safari hii bila kupitiliza. Hakutusifu. Alimwambia Madam tu kwamba tutafanya mtihani wa kemia, akaenda zake. Tuliufanya, tukapita.

Siku hizi shule ile ina maabara yenye mabomba na meza za vigae. Nafurahi, ingawa yale masizi ya jikoni nayakumbuka hadi roho inauma. Juzi mpwa wangu anayesoma hapo aliniambia ameacha kemia kwa sababu maabara ina joto. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamhurumia. Hakuna mtu aliyewahi kujaribu kumnyang'anya kemia hiyo.