Nahodha Aliyekufa Kopo la Nane

Nimewahi kushuhudia mwanamume akichomwa upanga kifuani saa tisa alasiri, akazama baharini, watu wakamlilia. Kabla ya saa kumi akawa anamtongoza mkewe mwenyewe kana kwamba hawajawahi kuonana.

Na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi.

Tulieni. Si uchawi, na sijavuta kitu.

Miaka hiyo nilikuwa nakata tiketi kwenye jumba la sinema. Msidhani ni kitu cha maana. Viti mia mbili, sitini vimevunjika, na feni moja inayozunguka ikijisikia.

Juu, kwenye chumba cha mashine, alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama. Alianza kazi ile mimi natambaa. Mwenyewe hakuwa na mke. Aliwahi kuwa naye, wakaachana, na kwetu hadithi ya ndoa ile ilikuwa haifunguliwi hata kwa nyundo.

Sasa, Jumatatu moja bosi akaja na tumbo lake na karatasi yake.

"Kuna mtu anataka jumba hili aweke magodoro," akasema. "Nawapa wiki moja. Wewe binti, simama mlangoni watu wakitoka, uwaulize maoni, uyaandike. Jumamosi nakuja kusikiliza mwenyewe. Wakisema filamu mbaya, nang'oa viti."

"Filamu ipi, bosi?"

"Mliyo nayo."

Tuliyo nayo! Ilikuwa filamu ya kale ya Hollywood, ya maharamia, imekula chumvi kuliko bosi mwenyewe. Nahodha ana meno meupe pee, eti miezi minane yuko baharini na mswaki hana. Akiruka kutoka mlingoti hadi mlingoti, nywele hazitikisiki.

Filamu yenyewe ilikaa kwenye makopo tisa. Kopo likiisha mashine hii, jingine linaanza mashine ile. Mpangilio ni huu, mniwie radhi kwa kuwamalizia utamu: kopo la tatu, nahodha anakutana na binti wa gavana kwa mara ya kwanza. Huko katikati wanaoana kwa siri. La nane, nahodha anauawa. La tisa, binti analia gatini, meli inaondoka, mwisho.

Basi Jumanne, kwa kiherehere changu, nikafagia chumba cha mashine. Nikashusha makopo yote, nikayafuta vumbi, nikayarudisha rafuni.

Filamu ikaanza saa nane na nusu. Watu kumi na wanane.

Makopo mawili yakaenda vizuri. La tatu likaingia, mara paap! Nahodha kachomwa upanga. Kafa. Tena kafa kabisa, na mabaharia wanavua kofia.

Nikasema moyoni, mbona mapema hivi?

Kidogo, nahodha huyo hapo anapigana. Mzima wa afya. Anaoa. Anakula. Halafu karibu na mwisho anamwendea yule yule mkewe, anainama: "Binti mzuri, jina lako nani?"

Watu wakalipuka.

Nikasimama mlangoni na daftari, nangoja matusi.

Kinyozi wa jirani akatoka wa kwanza. "Andika. Ni pacha. Aliyekufa ni kaka mtu."

"Pacha wapi!" Nesi akamrukia. "Wapo watu moyo umekaa kulia. Upanga ulipita patupu. Halafu maji ya chumvi yakampanda kichwani, akapoteza kumbukumbu."

Muuza nyama akacheka. "Mimi nakata nyama kila siku. Ule upanga hauwezi kukata hata siagi."

Mama mmoja mwenye kikapu akawasukuma wote. "Hakusahau chochote huyo. Anajifanya. Mwanaume akikosea nyumbani ndiyo janja yake. Wangu juzi kanisahau wiki nzima."

Walibishana mpaka barabarani. Mimi nikapanda ngazi mbili mbili.

"Mjomba! Umeweka la nane pa tatu!"

"Acha uongo."

"Nimeona kwa macho yangu!"

Nikachukua kopo mezani, nikamnyooshea. "Namba ngapi hii?"

Akalishika, akalipapasa, akalisogeza karibu na pua. "Tatu," akasema.

Ilikuwa nane.

Nikaketi juu ya ndoo. Kumbe mjomba alikuwa haoni. Mkanda anauvalisha kwa vidole, na makopo anayajua kwa nafasi yake rafuni; sauti ya filamu nayo inamezwa na kelele za mashine. Mimi na ufagio wangu ndio tuliovuruga.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Ukungu tu, na sasa ukungu wenyewe umekuwa ukuta." Akaushika mkono wangu. "Babu yako alikufa kipofu, mpwa wangu. Hii ni ya ukoo, haina dawa. Bosi akijua, hata wiki sitamaliza. Nifichie."

Mtu aliyekulea akikuomba hivyo, unasemaje? Nikamwambia kesho nitayapanga makopo mwenyewe.

Ila kesho yake nilipofungua dirisha la tiketi, kulikuwa na foleni.

Kinyozi kaja na wateja wake, mmoja kanyolewa nusu kichwa. Nesi kaleta manesi wenzake watatu. Wote wanataka kumwona nahodha anavyokufa na kurudi.

Nikapanda juu. "Mjomba, tukiipanga sawa, hawa watatuchinja."

Akakuna kidevu. "Basi weka la nane pa tatu."

Siku hiyo watu sitini. Alhamisi, mia na ishirini. Wanabisha kwenye viti, wanabisha chooni. Maoni yakajaza daftari, nikanunua jingine.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeninyima raha.

Mwanamke wa makamo, fundi wa kushona, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Tangu Jumanne hakukosa hata siku. Anakaa safu ya tatu, hacheki, habishi, na akitoka ananipita bila neno. Alhamisi nikamkabili.

"Mama, maoni yako?"

Akanitazama kama nguo iliyoshonwa kombo. "Filamu imekosewa. La nane limekaa pa tatu."

Nikafunga daftari.

"Nani anaendesha mashine siku hizi?" akauliza.

"Mjomba wangu."

"Yule yule," akasema polepole, akaondoka.

Sikula chakula siku hiyo. Nikamweleza mjomba. Akasema labda ni mpelelezi wa bosi, au wa magodoro.

Jumamosi bosi akaja. Viti vyote vimejaa, na vile sitini vibovu watu wamevikalia hivyo hivyo. Filamu ilipoisha, bosi akapanda mbele, akafurahi kusikia sauti yake ukumbini.

"Haya, maoni!"

Lo! Wa pacha wakasimama upande huu, wa moyo wa kulia upande ule, akina mama wa "anajifanya" katikati, hao ndio wenye kelele. Bosi anacheka mpaka tumbo linaruka.

Ndipo yule fundi akasimama. Watu wakamgeukia.

"Bosi, mimi maoni yangu nitayasema mbele ya mwendesha mashine. Aitwe."

Nikatamani ardhi inimeze, nayo kama kawaida yake ikagoma.

Mjomba akashuka, mkono mmoja ukutani, anahesabu ngazi kwa miguu. Mwanamke akamsogelea hadi wakawa hatua moja tu. Mjomba akainamisha kichwa kwa adabu.

"Karibu, mama. Sijui nazungumza na nani?"

Yule mwanamke akamtazama machoni.

"Jumanne nilikupita mlangoni," akasema. "Nilikusalimia kwa kichwa, ukanipisha kama mgeni. Nikasema, ahaa, miaka ishirini na mitano na chuki bado mbichi. Nikaingia ndani nimefura kama andazi."

Mjomba akainua kichwa. Sauti ile alikuwa ameitambua.

"Halafu la nane likaja pa tatu. Hasira zote zikaniisha. Filamu hii ulinionyesha mara kumi na moja tukiwa wachumba, bwana wewe. Ulikuwa unanitajia kopo kabla halijaingia. Huwezi kuikosea. Nikarudi siku ya pili kuhakikisha, na ya tatu." Akashusha pumzi. "Huoni. Ndiyo maana hukuniona."

Kumbe huyu ndiye mkaza mjomba wangu, mke aliyeachana naye, yule ambaye nyumbani hatajwi.

Mjomba akabaki kutikisa kichwa tu, machozi yanachuruzika mbele ya watu mia mbili. Kinyozi akaanza kujifuta kwa taulo la kazini.

Bosi akakohoa. "Ngoja. Kwa hiyo wiki nzima mmeonyesha makosa?"

"Ndiyo, bosi," nikasema. "Na makopo niliyavuruga mimi. Ukifukuza, anza na mimi."

Bosi akatazama viti. Akatazama watu. Mtu wa biashara ni mtu wa biashara. "Na Jumatatu makosa haya yataendelea?"

"Yaendelee!" ukumbi ukaitika.

Jumatatu mkaza mjomba akaja asubuhi kwa mjomba, akampigia pasi koti la kwendea hospitali. Mjomba akaleta ubishi: ugonjwa wa ukoo, kisu machoni, babu.

"Baba yako alipelekwa hospitali?" akamuuliza.

"Hapana."

"Basi umejuaje kwamba haina dawa? Vaa koti."

Daktari alimulika mara moja tu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kitu kinachotolewa kila siku, watu wanarudi nyumbani kwa miguu yao. Mjomba alikaa gizani miaka miwili kwa kuogopa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Alipofunguliwa bandeji ya pili nilikuwepo. Akamtazama mwanamke yule muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe, macho kupona tu umeanza na makosa ya wenzako?"

Wakacheka mpaka nesi wa zamu akawafukuza wodini.

Sasa mnadhani nimemaliza? Mjomba kurudi kazini, kitu cha kwanza, kwa fahari zake zote, akapanga makopo sawasawa. Moja hadi tisa. Filamu kama ilivyotengenezwa.

Watu walitaka kuvunja milango.

"Mmemuua nahodha wetu!" kinyozi akapiga kelele. "Eti kakutana, kaoa, kafa, basi? Hiyo nayo ni hadithi?"

Nesi akasema filamu imechakachuliwa. Kesho yake mjomba akaweka la nane pa tatu huku akisonya.

Wengi mtauliza kama wale wawili walirudiana. Nilimuuliza mwanamke mwenyewe. Akasema, "Nimekuja kutazama filamu." Alikuja kuitazama miaka miwili, kila siku, na chai kwenye chupa. Magodoro yalishinda baadaye, jumba likafungwa, na chai ikahamia nyumbani kwa mjomba. Hapo sikuuliza tena. Mimi mpwa tu.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu wenu akiwapita bila kuwasalimia, kabla hamjamtangaza kuwa ana maringo, msogeleeni karibu muulize kama anaona. Na wewe unayeogopa daktari kwa sababu ya babu, nenda. Babu hakuwa daktari.

Mengine yote ni maoni, na maoni nimejaza madaftari mawili. Hakuna hata mmoja aliyepatia, ila yule fundi, na yake sikuyaandika.