Siku Niliyosimama Kusema Sisi Tuna Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali niliyofungia ndoa. Jina langu lilikuwa limepitishwa na mkutano wa kijiji, pale Maguu. Mwenyekiti aliuliza nani anajua kusoma, anajua kutunza siri za watu, na ana miguu ya kupanda milima. Watu wakasema Fokasi. Hakutajwa mwingine. Darasa la saba nilimaliza, na zaidi ya hapo sikusomeshwa na mtu. Nyumba ninayoishi nilifyatua tofali zake mwenyewe, nikazichoma mwenyewe, na bati nilizifuata Songea mwenyewe. Nayasema haya mapema ili ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mjue anayewaeleza si mtu wa kubahatisha.

Tuliitwa wahudumu wa jamii. Unapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani anaumwa na amejificha, mtoto gani ameachishwa shule, mzee gani ameachwa peke yake, mama gani ana mimba na hajaanza kliniki. Yote unayaandika kwenye rejesta ya kaya, daftari kubwa ambalo kila nyumba ina ukurasa wake. Ukikuta jambo zito unaandika rufaa, yaani kikaratasi cha kumpeleka mtu zahanati au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Afisa huyo ndiye aliyekuwa mwenzetu wa upande wa serikali. Yeye ameajiriwa, ana barua, ana ngazi ya mshahara. Sisi tuliletwa na shirika lililofanya kazi pamoja na serikali, na barua hatukuwa nayo.

Afisa wangu wa kwanza alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa. Asubuhi ile alinipa rejesta na kalamu mbili.

"Shikamoo mzee. Kazi hii ni ya kujitolea, umeelezwa?"

"Marahaba. Nimeelezwa."

"Kuna posho kidogo."

"Kidogo ya namna gani, Afisa?"

Akacheka. "Itategemea, mzee wangu. Itategemea."

Posho, kwa asiyejua, ni fedha inayokuja ikipenda. Mshahara una tarehe. Posho haina. Tofauti yote ya maisha yetu ilikuwa hapo, lakini siku ile sikuijali, maana nilikuwa na nguvu na nilikuwa na sifa.

Na sifa nilistahili. Niwape mfano mmoja. Kulikuwa na nyumba moja juu kabisa, taarifa zikasema kuna mtoto wa kike anafungiwa ndani. Afisa akapanda na pikipiki yake mpaka pikipiki ikashindwa, akamalizia kwa miguu, akafika uani akifuta jasho na kumuuliza baba mwenye nyumba hapo hapo kuhusu mtoto. Alifukuzwa na mbwa wawili. Wiki iliyofuata nikaenda mimi. Sikupita uani. Nilikwenda moja kwa moja shambani, nikamkuta yule baba anafyeka nyasi za kutengenezea ngolo, yale mashimo yetu ya Kimatengo yanayozuia udongo kuporomoka mlimani. Kazi ya mwanamume ni kufyeka nyasi na kuzilaza kwa mraba. Wanawake huja nyuma kuchimba na kufukia. Nikamsalimia, nikachukua panga, nikafyeka naye. Sikuuliza kitu. Jua lilipokuwa utosini akakaa chini, akasema mwenyewe, "Fokasi, najua umefuata nini. Yule mtoto ana kifafa. Naogopa ataanguka motoni." Kesho yake mtoto alikuwa zahanati. Hiyo ndiyo kazi. Chuoni haifundishwi, na nilimfundisha Afisa mimi.

Nilimfundisha yeye na waliomfuata. Wanne walipita mikononi mwangu, kila mmoja akipandishwa cheo na kuhamia mjini, na kila mmoja aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilibaki na rejesta. Nilitembea mpaka Ukata nikarudi siku hiyo hiyo, jambo ambalo vijana wa leo mkilisikia mnaguna.

Baadaye nikatumwa kusaidia kule chini ziwani, Ngumbo, ambako wahudumu walikuwa wachache. Huko nilikutana na Gaudensia. Sisi wote tulimwita Mama Gaude. Mjane, Mnyasa, ulimi mkali, rika langu. Kabla ya kazi hii alikuwa mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Alinunua kwa wavuvi, akaanika, akapandisha milimani kuuza. Alipochaguliwa kuwa mhudumu biashara ikafa, kwa sababu usipa haungoji. Ukipita nyumba za watu asubuhi, ukirudi unaukuta umeshanyeshewa au umeliwa na kunguru. Vitongoji vingine alivifikia kwa mtumbwi tu, na alipiga kasia mwenyewe. Alikuwa akilea watoto wawili ambao aliwaandikia rufaa yeye mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Rufaa ilikwenda wilayani, watoto wakabaki kwake.

Siku moja yeye, mimi na Afisa wa huko tulitoka nyumba moja ya mgonjwa wa kifua kikuu. Tulikuwa tumekwenda kumhimiza asiache dawa. Mama Gaude alikuwa amemwosha, mimi nimezungumza na ndugu zake, Afisa ameandika. Njiani simu ya Afisa ikalia mfukoni. Akaangalia, akatabasamu.

"Nini, umechumbiwa?" Mama Gaude akamwuliza.

"Mshahara, mama. Umeingia."

Mama Gaude akasimama katikati ya njia. "Kwa hiyo mle ndani tulikuwa watatu, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa kazini. Mimi na kaka Fokasi tulikwenda kusalimia."

Afisa hakukasirika. Alisema kweli hata yeye haoni haki, akasema tupeleke hoja. Tukaipeleka. Wahudumu wa milimani na wa ziwani tulikaa mara tatu, tukaandika, tukafuta, tukaandika tena. Hatukudai kulingana na maafisa shilingi kwa shilingi. Tulidai tarehe, barua, na kima kinachokaribiana na cha mwajiriwa wa chini kabisa wa serikali anayefanya kazi kama yetu. Ikachukua muda mrefu, lakini jibu likaja kwamba wageni watatoka makao makuu, watakuja Mbinga kutusikiliza, na watapeleka mapendekezo. Msemaji nikachaguliwa mimi. Nani tena? Mdomo ninao.

Asubuhi ya kikao tulikunywa chai kwa mama lishe karibu na ukumbi. Mama Gaude alikuwa amepanda kutoka ziwani siku iliyotangulia. Hakugusa chapati yake.

"Kaka, nisikilize. Kwangu jambo hili halina kesho. Wale watoto wanaingia sekondari. Nikikosa leo naiacha kazi, siyo kwa kutishia."

"Tulia, mama. Umemchagua Fokasi."

"Ndiyo ninachoogopa. Sema neno moja: tunataka mshahara. Kisha kaa chini. Usianze kujenga nyumba."

Wenzetu wakacheka, maana habari ya tofali zangu waliijua wote. Mimi pia nilicheka.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wageni, Mratibu wetu wa shirika na wakubwa wa wilaya. Nyuma nikawaona watu wa Maguu, akiwemo shemeji yangu. Kiongozi wa wageni, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alituuliza vizuri kabisa: "Ndugu zetu, mnafanya kazi kubwa. Hebu tuelezeni, mnaishije?"

Hapa nitaeleza jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa, na ndilo lililotuua. Nyumbani kwa babu yangu wanaume wa ukoo walikula pamoja, na neno lolote lilisemwa hapo. Mwenye shida hakuanza na shida. Mara ya kwanza ukipewa nafasi unajieleza wewe ni nani: una shamba, umelima, umevuna, hukuja hapo kama mzigo. Wenzako wanaitikia. Chakula kinaliwa. Kisha neno linazunguka tena, na mara hiyo ya pili ndipo unataja unachohitaji, na wanakupa, kwa sababu wanampa mtu na siyo mwombaji. Aliyeanza na njaa yake walimwonea aibu. Nililelewa hivyo. Na aliyeniuliza naishije alikuwa mgeni, mbele ya shemeji yangu.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, sisi siyo watu wa kuombaomba. Mmatengo ana kahawa yake, ana mahindi yake, ana nyumba. Kazi hii tunaifanya kwa moyo, kwa sababu hawa ni watu wetu. Hata bila senti moja nyumba zile tungezipita."

Ukumbi ulipiga makofi. Shemeji yangu alisimama kabisa. Mama kiongozi akasema, "Nimeguswa sana," na katibu wake akaandika. Nikakaa, nikangoja neno lizunguke tena ili niseme la mshahara. Nilikuwa nalo lote kichwani, limepangwa vizuri.

Halikuzunguka. Mama kiongozi alitazama saa, akashukuru, akatangaza ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa vyoo vya shule. Nikanyoosha mkono. Mratibu akanifanyia ishara niushushe. Nikatazama upande wa wanawake. Mama Gaude alikuwa ananikodolea macho kama mtu aliyeona nyumba inaungua.

Nje hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mimi kahawa yangu iko wapi, kaka? Ndani ya maji?"

Mapendekezo yalirudi baada ya masika mawili. Mratibu alituita akatusomea. Iliandikwa kwamba wahudumu wa eneo hili wana vyanzo vyao vya kipato, wanajitolea kwa moyo, na kwa hiyo posho iendelee kama ilivyo hadi fedha itakapopatikana. Kulikuwa na maeneo mengine yaliyopendekezwa kupewa mshahara. Sisi tulisifiwa.

"Bwana Mratibu," nikasema, "hapo mmeandika nusu."

"Nusu gani? Ni maneno yako, Fokasi. Nilikuwepo."

"Nilikuwa sijamaliza."

"Kikao kilikuwa kimemaliza."

Niliandika barua kwa mkono wangu, kurasa nne. Nikaipeleka wilayani, ikagongwa muhuri. Nikaenda tena, nikaambiwa imepokelewa. Nikaenda mara ya tatu, kijana wa masjala akaniambia kwa upole, "Mzee, ikipokelewa ndiyo imefika." Sijapata jibu mpaka leo, na sitegemei.

Mama Gaude aliacha kazi mwezi ule ule. Alirudisha rejesta ikiwa safi, kila ukurasa umejazwa. Hakupatikana wa kumrithi anayeweza mtumbwi. Yule mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye ugonjwa ulikuwa umemrudia na ameanzishiwa dawa upya, aliziacha, hakuna aliyejua, na habari zake zilitufikia akiwa ameshazikwa. Afisa aliandika kwenye taarifa kwamba mgonjwa hakufuatiliwa. Ni kweli hakufuatiliwa. Fomu ya taarifa haina mahali pa kuandika kwa nini.

Mimi niliendelea miaka kadhaa kwa kiburi, mpaka goti la kulia likakataa milima. Nilikwenda ofisini kuaga. Wakatafuta fomu ya kustaafu, wakakosa, maana fomu ya kuniajiri haikuwahi kuwepo. Afisa mmoja wa rika langu alistaafu kipindi hicho. Alifanyiwa sherehe, akapata kiinua mgongo, na pensheni inamfuata kila mwezi. Namheshimu, alifanya kazi. Lakini nyumba alizoingia niliingia mimi kwanza, nikamfungulia mlango.

Vijana wananiuliza kama mambo yatabadilika. Zamani ningewajibu kwa hotuba. Siku hizi nasema sijui, na moyoni nasema hapana. Kila awamu huja na jina jipya la mhudumu, fulana mpya, mafunzo mapya, na posho ile ile inayokuja ikipenda.

Hivi karibuni nilishuka Mbamba Bay. Mama Gaude anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Nilimkuta uani, mikono imejaa povu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, nikaanza kwa mbali, kama kawaida yangu.

"Kaka, acha kuzunguka," akasema. "Nilishakusamehe. Hapa mwisho wa mwezi nalipwa. Ni kidogo, lakini hakuna aliyeniuliza moyo wangu ukoje."

"Na watoto?"

"Mmoja anasoma. Mwingine anavua."

Hatujasema zaidi akaingia mwanamke mmoja amebeba mtoto mgongoni, ametoka mbali, miguu ina vumbi mpaka magotini. "Mama Gaude, nimeambiwa uko hapa. Mtoto siku ya tatu hanyonyi."

Mama Gaude hakuacha kufua. "Mwanangu, mimi siyo mhudumu tena. Hospitali ni kule juu. Nenda upesi."

"Huko sijui pa kuanzia, mama. Sijui nimwone nani."

Mama Gaude akainamia mashuka. Mwanamke akageuka akanitazama mimi. Nilimwona mtoto, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Nikachukua fimbo yangu, nikainuka, goti likalia. Nikamwambia yule mama, "Twende, nitakuonyesha dirisha la kuandikisha wagonjwa."

Mama Gaude akakamua shuka kwa nguvu, hakunitazama.

"Nenda, kaka," akasema. "Nenda. Ndiyo maana hawatulipi."

Nikaenda.